Gia Ikikataa, Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusimama alfajiri kwenye njia panda ya Sangasanga, karibu na Mzumbe, bila shaka umeziona pikapu zikiteremka kutoka Mgeta na Nyandira zikiwa zimesheheni kabichi, karoti na njegere. Mji wa Morogoro uko kiasi cha meta 500 kutoka usawa wa bahari, lakini vilele vya Milima ya Uluguru hupita meta 2,600. Dereva wa njia hizo hubadili gia karibu kila kona, na gari lenye hitilafu ndogo ya klachi, ambalo lingeweza kuficha ugonjwa wake katika barabara kuu ya Dar es Salaam, huumbuka hapo kwenye mlima.

Mwenye pikapu mmoja wa mjini Morogoro alipatwa na mkasa ambao wengi watautambua. Gari lake lilianza kukataa gia ya kwanza, na kila alipotia gia ya nyuma ulisikika mkwaruzo wa chuma kwa chuma. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu, kisha akatoa hukumu: "Mzee, giaboksi imekufa. Tuishushe, utafute nyingine." Bei aliyotajiwa ingemeza ada ya shule ya watoto wake wawili. Kabla ya kutoa fedha alimwendea fundi mwingine, mtu wa makamo, ambaye hakugusa spana. Alizima injini, akamwambia atie gia zote moja baada ya nyingine. Zote ziliingia bila ubishi. "Giaboksi yako nzima, mzee wangu," alisema. "Klachi ndiyo haiachii."

Fundi yule alijuaje? Jibu lake ni jambo ambalo kila mwenye gari la gia za mkono anapaswa kulifahamu. Klachi ni sahani iliyobanwa kwa nguvu kwenye gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Unapokanyaga pedeli, mbano hulegea na nguvu za injini hazifiki tena kwenye giaboksi. Hapo ndipo gia huweza kuingia kwa upole. Kama mbano haulegei sawasawa, unajaribu kuunganisha meno ambayo bado yanazungushwa na injini. Gia italia au itakataa kabisa, ingawa yenyewe haina kosa lolote.

Basi, gari lako likianza kukataa gia, fuata utaratibu huu. Kwanza, lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zima injini, kisha kanyaga klachi na upitishe gia zote. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na zikikataa injini inapowaka, ishuku klachi. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, kagua vyuma au waya zinazounganisha mkono wa gia na giaboksi, pamoja na mipira na bushi zake. Bushi iliyokwisha huweza kuonekana kama maradhi makubwa. Ubovu wa ndani ya giaboksi ufikiriwe baada ya hapo.

Pili, washa injini na upige pedeli ya klachi mara tatu au nne mfululizo. Gia ikiingia baada ya kupiga hivyo, huenda kuna hewa au uvujaji katika mfumo wa mafuta ya klachi. Tazama kikopo cha mafuta hayo, kisha chungulia pampu ya juu karibu na pedeli, na pampu ya chini ubavuni mwa giaboksi. Ukiona unyevu, mpira wa ndani umechoka. Ongeza mafuta ya breki ya aina iliyoagizwa na kiwanda, wala usitie oili ya injini, kwa kuwa huivimbisha mipira na kuiharibu. Gari linalotumia waya badala ya mafuta likaguliwe waya huo, kama umelegea au umeanza kukatika nyuzi.

Tatu, sikiliza mahali sauti inapotokea. Mkwaruzo ukiwa katika gia moja tu, tuseme ya pili, yaelekea pete ya kusawazisha mwendo ya gia hiyo imelika. Madereva wa Land Rover za miaka ya 1950 na 1960 walizoea kukanyaga klachi mara mbili, kwa kuwa gia ya kwanza na ya pili hazikuwa na pete hizo. Mbinu hiyo yaweza kukufikisha nyumbani, lakini si tiba. Ikiwa mlio unasikika unapokanyaga pedeli, ichunguze beringi ya klachi. Ikiwa unasikika gari likiwa halina gia na kutoweka unapokanyaga, ishuku beringi ya mbele ya giaboksi.

Nne, injini ikinguruma mlimani bila mwendo kuongezeka, tena ukasikia harufu ya kuungua, sahani ya klachi inateleza. Giaboksi ikishushwa kwa ajili hiyo, busara ni kubadili sahani, kibanio chake na beringi kwa pamoja, maana kazi ya kuishusha mara ya pili ni gharama ile ile. Kagua pia sili ya oili nyuma ya injini, isije ikalowesha sahani mpya.

Lipo tatizo moja lisilongoja hata siku moja, nalo ni gia kuchomoka yenyewe wakati wa kuteremka. Huenda ni springi ya kushikilia gia, meno yaliyolika, au viti vya injini vilivyokatika. Liwalo lote, gari hilo lisipande tena mlimani kabla ya kutengenezwa, hasa nyakati za masika njia zinapoteleza. Gia ikichomoka, mzigo wote huangukia breki, na breki zikipata joto kupita kiasi huacha kushika. Kwa sababu hiyo hiyo, kuteremka bila gia ili kuokoa mafuta ni hatari kwako, kwa abiria wako, na kwa mama anayepanda kwa miguu na tenga kichwani. Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia.

Mazoea nayo huua klachi. Usipumzishe mguu juu ya pedeli, wala usilizuie gari kwenye mwinuko kwa klachi. Breki ya mkono ipo kwa kazi hiyo. Pima oili ya giaboksi kila unapofanya matengenezo ya kawaida. Na unapoingia chini ya gari, ziba magurudumu kwa mawe na uweke vigingi imara, usiitegemee jeki peke yake.

Pikapu ya yule bwana ilirudi njiani siku iliyofuata. Kilichobadilishwa kilikuwa kikombe kidogo cha mpira ndani ya pampu ya chini. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni vema pia, ndugu msomaji, kuhakikisha ufa uko wapi kabla ya kukubali kulipia ukuta mzima.