Picha ya Hisani Inayobaki Mtaani

Picha ya kukabidhi msaada tunaijua sote. Mgeni rasmi yuko katikati ameshika mfano wa hundi au katoni ya sabuni, mtoto wa kituo amenyoosha mikono kupokea, na nyuma yao kuna bango lenye jina la mfadhili. Picha hiyo ina kazi yake, maana inathibitisha kwamba mali ilifika. Lakini itazame tena: inamweleza mtoaji peke yake. Haisemi nani huamka alfajiri kuwapikia watoto uji, wala paa la bweni limeanza kuvuja upande gani. Anayeiona hapati sababu ya kuchangia mara ya pili.

Kwamba picha inaweza kufungua mifuko ya watu, hilo halina ubishi. Oktoba 1984 mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi Dar es Salaam, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, akiwa na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Mwanamuziki Bob Geldof aliitazama taarifa ile kwenye televisheni. Mwaka haukuisha kabla ya wimbo wake wa kuchangisha fedha, wa kundi la Band Aid, kutoka, na tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid katika miji ya London na Philadelphia. Waliochanga hawakuwajua watu wa Korem, na wengi wao wasingekutana nao maishani.

Hisani ya mtaani haiko hivyo. Anayechangia kisima cha msikiti, ada ya yatima au matibabu ya jirani hununua unga duka moja na huyo anayesaidiwa. Mtoto aliyepigwa picha akilia ataingia darasani Jumatatu na kukaa na wenzake ambao wazazi wao wanayo picha hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Watu wa Korem walionekana na wageni wa mbali. Yeye ataonekana na majirani, leo na miaka kumi ijayo. Ndiyo maana naamini kipimo cha picha ya namna hii ni kimoja: mwenye sura aweze kuitazama mbele ya majirani zake bila kuinamisha kichwa.

Ukikishika kipimo hicho, unajua pa kuelekeza kamera. Piga picha za kazi inayofanyika. Mpige picha fundi akipigilia mabati, mama lishe akipakua chakula, foleni ya wachangia damu, vijana wakitoa plastiki ufukweni. Picha za kazi zinaonyesha fedha inakwenda wapi, na hilo ndilo swali la mchangiaji yeyote mwenye kipato kidogo.

Kisha andika maelezo. Hapa wengi huishia njiani, na hapa ndipo mpiga picha Mmarekani Lewis Hine ana la kutufundisha. Alikuwa mwalimu New York kabla ya kamati ya taifa iliyopinga ajira ya watoto Marekani kumchukua mwaka 1908. Alizunguka viwanda vya nguo na migodi ya makaa, nyakati nyingine akijifanya muuza Biblia ili aruhusiwe kuingia. Alikuwa akikadiria kimo cha mtoto kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, na daftari alilificha mfukoni ili aandike umri, saa za kazi na ujira. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi zaidi ya picha 5,100 za kamati hiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1916 dhidi ya ajira ya watoto ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, na ulinzi uliodumu ukaja mwaka 1938. Katika mapambano marefu kiasi hicho, sura ya mtoto peke yake ingeweza kubishiwa na mwenye kiwanda; sura yenye umri, mahali na tarehe ni ushahidi. Kikundi cha mtaani nacho kinahitaji ushahidi wa aina hiyo kinapoandika ripoti au kuomba ruzuku.

Suala la idhini ya anayepigwa picha nalo limekwisha kuwa la kisheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwaka 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Muulize mzazi kabla, mweleze picha itatumika wapi, na akikataa, mtoto asipoteze nafasi yake ya msaada.

Picha nazo zirudi kwa wenyewe. Desemba 2009 mpiga picha Jeremy Cowart wa Nashville aliwahamasisha wenzake wawapige picha watu wasio na uwezo, wazisafishe na kuwakabidhi wenyewe palepale. Mpango huo, Help-Portrait, ulikusudiwa kumpa mtu picha yake, si kujaza maonyesho ya mpigaji. Jambo hili linawezekana kwenye mahafali, maulidi au siku ya kupima afya: printa ndogo, kitambaa cheupe ukutani, na bei nafuu kwa wenye uwezo ili faida iingie kwenye mfuko wa kikundi. Nakala za kikundi zitumwe WhatsApp kama faili, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na bango likichapwa sura zinafifia.

Lililo bora zaidi ni kuwaachia wenyewe kamera. Mathare, Nairobi, mwaka 1997, mpiga picha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana, MYSA, kuwapa vijana kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao wenyewe. Mradi uliitwa Shootback, na kitabu chake kilitoka mwaka 1999. Leo simu inatosha. Mpiga picha wa hisani akitenga Jumamosi mbili awafundishe vijana wa kituo mwanga, maelezo na idhini, atakuwa amewapa kitu ambacho ziara zake haziwezi kuwapa. Upepo ukiezua paa usiku, picha ya kuombea mabati inatakiwa asubuhi ileile, na walioko pale ni wao.