Msawazo wa Kemia (4): Matanuri ya Cleveland na Matangi ya Katavi

Tangu bei ya dhahabu ivuke dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, marudio ya mialo, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, hata yale yaliyokwisha kupitishwa kwenye zebaki, yamezidi kuwa mali. Ndiyo maana sitangoja makala zijazo kuzungumzia sianidi. Msawazo wenyewe tulikwisha kuueleza: mmenyuko unaokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi ileile. Leo tutazame kinachousogeza.

Jibu alilitoa Henry Le Chatelier mwaka 1884. Wanafunzi wetu hulikariri jina lake kwa ajili ya mtihani bila kuambiwa kwamba alikuwa mhandisi wa migodi, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1850, aliyechunguza saruji na gesi zinazolipuka katika migodi ya makaa. Alisema hivi: msawazo ukibadilishiwa joto, mgandamizo au wingi wa kitu kilichomo, husogea upande unaopunguza badiliko hilo.

Kisa ninachokipenda ni cha matanuri ya chuma, nacho Le Chatelier mwenyewe alikisimulia. Ndani ya tanuri, kaboni monoksaidi huyanyang'anya madini ya chuma oksijeni yake, ikageuka kaboni dayoksaidi. Hata hivyo, gesi iliyotoka juu ilikuwa bado na kaboni monoksaidi tele. Wenye viwanda wa Cleveland, Uingereza, wakadhani gesi haikupata muda wa kutosha kugusana na madini. Wakajenga matanuri marefu zaidi, hadi mita 30. Fedha zikazama, kaboni monoksaidi ikabaki palepale. Mmenyuko ulikuwa umefika kwenye msawazo wake, na urefu wa tanuri hauusogezi msawazo, hata tanuri lifike mawinguni.

Mwaka 1901 akaijaribu kanuni yake kwenye amonia. Molekuli nne za naitrojeni na haidrojeni huzaa mbili tu za amonia, kwa hiyo mgandamizo mkubwa husaidia. Bahati mbaya hewa iliingia, chombo kikalipuka, nusura msaidizi wake afe, naye akaacha. Fritz Haber akafanikiwa mwaka 1909, na urea anayotia mkulima wa mahindi wa Mpanda inatokana na njia hiyo.

Sasa turudi kwenye tangi, ambamo sianidi huyeyusha dhahabu iliyobaki kwenye marudio. Sianidi ikiyeyuka kwenye maji, sehemu yake hubaki ayoni, ambayo ndiyo huishika dhahabu, na sehemu hugeuka haidrojeni sianidi, gesi ya sumu isiyoshika dhahabu yoyote. Mmenyuko huo unarudi nyuma. Kinachousogeza ni pH, kipimo cha uasidi: ikiwa 9.2, pande mbili ziko nusu kwa nusu. Ikifika 10.5, ayoni ni zaidi ya asilimia 90. Ikishuka hadi 7, karibu sianidi yote ni gesi, na gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la kawaida kabisa la mchana wa Katavi. Tena gesi inapopaa, msawazo husogea kuijazia pengo, nyingine ikatengenezwa.

Marudio yenye salfaidi yaliyonyeshewa miaka mingi huzaa asidi, na asidi huishusha pH. Mwenye tangi akiona dhahabu haipandi, huongeza sianidi. Huyo ndiye mjenzi wa matanuri ya Cleveland! Anamwaga fedha hewani, ila hewa hiyo anaivuta kijana anayekoroga tangi, ambaye hakuuliza bei ya dhahabu wala hatagawiwa faida yake. Kubana chokaa, inayoipandisha pH kwa bei rahisi kuliko sianidi, ni uchoyo usio na hata hesabu.

Basi ndugu zangu wenye matangi, wa Ibindi na kwingineko: chokaa kwanza, pH ifike 10.5, ndipo sianidi iingie. Pimeni kila zamu, na mvua ikinyesha pimeni tena. Makala ijayo ni ya elusheni, ambako joto huilazimisha kaboni kuitapika dhahabu iliyoimeza.