Kizunguzungu cha miwani ya uhalisia mseto: si mionzi, ni sikio lako

Maswali kuhusu miwani ya uhalisia mseto yananijia kila wiki, na karibu yote ni yale yale. Je, inapofusha? Je, ina mionzi? Na kwa nini kijana mzima, aliyeingia chumbani akicheka, anaivua akiwa anatoka jasho jembamba na kutafuta mahali pa kutapika? Mawili ya mwanzo yana majibu mafupi, nitayafikia. La tatu ndilo lenye utamu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kifaa gani. Ile miwani ya VR iliyozoeleka humfungia mtu ndani ya dunia ya kuchora. Hii ya mseto humwonesha chumba chake mwenyewe, kisha ikapachika humo vitu visivyokuwepo: skrini ya sinema ukutani, samaki wakielea juu ya kochi. Meta ilitoa Quest 3 Oktoba 2023 kwa dola 499.99. Apple ikafuata na Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499, bei ya pikipiki zaidi ya moja.

Niliyoijaribu ni Quest 3, iliyoletwa na jamaa kutoka Dubai. Uzito ndio unaokupokea, gramu 515 zikining'inia mbele ya uso, na shingo inaanza kulalamika mapema. Halafu chumba: kiko pale pale, rangi zake ni zile zile, ila kina chengachenga, hasa pembeni ambako taa haifiki vizuri. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Ukingo wake ukapinda kidogo vidole vilipokaribia, na ngozi ikagusa udongo wa kikombe kabla macho hayajakubali kwamba nimefika. Chai haikumwagika, lakini tumbo lilishajua kuna jambo haliko sawa.

Wengi wanaoivaa wanadhani wanaangalia chumba kupitia kioo. Hapana. Mbele ya macho kuna skrini mbili zisizopenyeza mwanga wowote wa nje. Kamera zilizoko usoni mwa kifaa zinapiga picha ya chumba, chipu inaichakata, skrini zinaionesha. Unachokiona ni matangazo ya moja kwa moja kutoka sebuleni kwako, na kama matangazo yote, yanachelewa. Apple inajivunia kwamba chipu yake inafikisha picha kwenye skrini ndani ya milisekunde 12. Mtu atauliza: haraka yote hiyo ya nini?

Jibu liko ndani ya sikio, na naomba uvumilivu wako hapa kwa sababu sijaona mtambo mzuri kuliko huu. Chukua gazeti, litikise kushoto na kulia kwa kasi huku ukijaribu kusoma. Maandishi yanakuwa ukungu. Sasa shika gazeti litulie, utikise kichwa kwa kasi ile ile. Unasoma bila shida. Mwendo ni ule ule, tofauti ni kwamba mara ya pili sikio limetoa taarifa. Kila sikio lina mifereji mitatu iliyojaa majimaji, kila mmoja ukikaa upande wake. Kichwa kikigeuka, majimaji hubaki nyuma kidogo, kama maji ya ndoo iliyozungushwa ghafla, na vinyweleo vilivyomo humo vinapinda. Taarifa hiyo inapita kwenye seli tatu tu za neva hadi kwenye misuli ya macho, haisubiri idhini ya akili. Ndani ya takribani milisekunde 10 macho yameshageuka upande wa pili kwa kipimo kile kile, na dunia inabaki imetulia.

Sasa vaa kifaa ambacho picha yake imechelewa. Kichwa kinageuka, sikio linatoa taarifa, macho yanageuka kwa wakati, lakini chumba kwenye skrini bado hakijasogea. Kikisogea, macho yameshapita. Ubongo unapokea ripoti mbili zinazopingana kuhusu jambo moja. Abiria anayesoma simu basi likipanda milima ya Lushoto anaujua ugomvi huu: sikio linasema tunakwenda, macho yanasema tumekaa.

Kwamba mzozo huu unahitaji sikio, si jambo la kubahatisha. Mwaka 1882, mwanasaikolojia wa Marekani William James alichapisha uchunguzi wake juu ya viziwi waliozungushwa. Baadhi yao, ambao sikio lao la ndani lilikuwa limeharibika, hawakupata kizunguzungu kabisa. Kwa nini basi ubongo uamue kutapisha? Mtafiti Michel Treisman alipendekeza mwaka 1977 kwamba kwa mamilioni ya miaka, kilichoweza kuvuruga mapatano ya macho na sikio ni sumu iliyoliwa, kwa hiyo ubongo unatoa amri ya kuitema. Ni dhana inayobishaniwa hadi leo. Mimi naipenda.

Kuna mgogoro wa pili, huu wa macho yenyewe. Ukitazama kitu cha karibu, macho mawili hugeuka kuelekeana, na wakati huo huo lenzi hujikaza kulenga umbali ule ule. Kazi hizi mbili zimefungwa pamoja tangu utoto. Kwenye kifaa, samaki anaonekana yuko sentimita 40 kutoka puani na macho yanaelekeana kumfuata, lakini mwanga wake unatoka kana kwamba uko zaidi ya mita moja, na lenzi inabidi ibaki huko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionesha mwaka 2008 kwamba kuzitenganisha kazi hizi kunachosha macho na kupunguza uwezo wa kuona. Kipaji cha uso kinachouma baada ya filamu nzima kimetokea hapo.

Sasa yale maswali mengine. Mionzi: kifaa kinatumia Wi-Fi na Bluetooth, mawimbi yale yale ya simu uliyolala nayo jana chini ya mto. Upofu: hakuna ushahidi kwamba miwani hii inapofusha. Kifafa: wapo wachache, kama mmoja katika watu 4,000, ambao mwanga unaomweka unaweza kuwaletea degedege, na huyo anahitaji daktari wa neva, hahitaji kutolewa jini. Kinachonichosha zaidi ni wauza matone ya "kusafisha mionzi ya skrini" machoni: asali, maji ya majani, wengine mkojo. Mionzi ya kusafishwa haipo. Vidonda vya kioo cha jicho vinavyotokana na dawa hizo vipo, na vinaweza kuacha kovu jeupe lisilofutika. Mtu aliingia na uchovu wa misuli ambao ungeisha kwa kulala, akatoka na jicho lililoharibika, na aliyemuuzia bado anapokea pesa kwa simu. Na tafadhali, usimeze dawa ya malaria kwa sababu ulizungushwa na miwani.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Rekebisha umbali kati ya lenzi ulingane na umbali kati ya mboni zako. Kwa mtu mzima wastani ni kama milimita 63, na Quest 3 ina kigurudumu cha kazi hiyo. Anza kwa dakika chache, ukiwa umekaa, taa ikiwaka vizuri. Kichefuchefu kikianza, vua, usijikaze kiume. Meta inasema wasiofika miaka 10 wasitumie, Apple inasema 13. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo aulize daktari wake kwanza, kwa sababu ya sumaku zilizomo kwenye miwani.

Lakini jambo ambalo watu hawaniulizi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo linatokea ukishavua. Kamera haziko mahali macho yako yalipo. Watafiti Frank Biocca na Jannick Rolland walichapisha mwaka 1998 jaribio ambamo kamera zilikaa milimita 62 juu ya macho na 165 mbele yake. Washiriki walikosea kulenga kwa mkono, wakazoea polepole, na walipovua wakakosea tena, safari hii upande wa pili, kwa sababu mwili ulishajipanga upya. Kamera za leo zimekaribia macho zaidi, lakini hazijafika. Mtafiti Jeremy Bailenson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, walioivaa Quest 3 wenyewe na kutembea nayo, waliandika mwaka 2024 kwamba umbali uliwapotoka na watu waliokuwa mbele yao walionekana kama hawapo kweli. Walishauri kujizuia kuivaa kila siku.

Kwa hiyo ukishavua, kaa. Usishike usukani, usiwashe bodaboda, usikate kitunguu hadi mkono na jicho vipatane tena. Onyo hilo limo kwenye kijitabu cha usalama ndani ya boksi. Kisomeni kabla hamjalitupa.