Ndoa ya majuu: Faili ni lenu wawili, usiachie mmoja

Ukienda ruracio hakuna mzee atakayekuuliza, "Mna ushahidi gani kwamba mnapendana?" Watauliza mbuzi ni wangapi, watauliza ukoo, watauliza kama kijana ana kazi ama ni haya mambo ya simu. Mapenzi yenyewe wanachukulia yapo, maana mmefika na watu wenu. Afisa wa viza kule Gigiri hana huo moyo. Sheria ya Marekani inawaachia nyinyi wawili kazi ya kuonyesha kwamba hii ni ndoa ya kweli na wala si njia ya kupata makaratasi.

Nimepiga stori na marafiki watatu waliopitia njia hiyo, mmoja bado yuko katikati. Nilidhani wangelia kuhusu mahojiano. Wapi! Kilichowakosesha usingizi ni kutojua faili lao limefika wapi, kwa sababu nywila zote zilikuwa na yule wa majuu. Hilo nitalirudia.

Kabla ya muda na pesa, kuna swali ambalo wengi huona aibu kuuliza: mpenzi wako ni raia wa Marekani, ama ana kadi ya kijani tu? Mume au mke wa raia anahesabiwa kuwa jamaa wa karibu, na viza za kundi hilo hazina kikomo kwa mwaka. Mwenye kadi ya kijani, tuseme aliyeshinda bahati nasibu ya viza akaenda akiwa singo, anaweza kuombea mke au mume pia. Lakini hapo unaingia kundi la F2A, ambalo viza zake zina idadi maalum, na foleni husonga kulingana na tangazo la kila mwezi la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Viza ya mchumba, nayo, ni ya raia pekee kuomba. Mtu mwenye kadi tu akikuahidi viza ya mchumba, ama hajui anachosema ama anakuzungusha.

Kwa raia kuna njia mbili. Ya mchumba, K-1, inaanza na fomu I-129F. Kwa kawaida lazima muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya ombi kutumwa, na video haihesabiki hata kama mnalala simu zikiwa wazi. Ukishaingia Marekani mna siku 90 za kufunga ndoa, na ni na huyo huyo aliyekuombea. Baada ya harusi unaomba kadi ukiwa huko, na hadi kibali cha kazi kitoke unakaa nyumbani ukiangalia theluji dirishani. Watu hawatajagi hiyo sehemu. Njia ya pili ni kuoana kwanza, kisha raia anatuma fomu I-130. Huyu akitua anaingia akiwa tayari mkaazi wa kudumu na anaweza kutafuta kazi wiki hiyo hiyo.

K-1 inapendwa kwa sababu inasikika kama njia ya mkato. Hebu tupige hesabu kwa ada zilizoanza Aprili 2024. Mchumba: dola 675 za ombi, 265 za viza, halafu 1,440 za kuomba kadi baada ya harusi. Hizo ni dola 2,380. Ndoa: dola 625 za I-130 ukiituma mtandaoni (675 kwa karatasi), 325 za viza, 120 za kukagua fomu ya udhamini na 235 za kadi. Jumla dola 1,305. Dola ikiwa karibu Sh130, tofauti inakaribia Sh140,000, na bado hujalipia daktari, chanjo wala ndege. Ada hubadilika, kwa hivyo angalia tovuti ya idara yenyewe ya uhamiaji, USCIS, kabla ya kutoa doo.

Mimi nikiulizwa, nasema oaneni hapa kwanza, na si kwa sababu ya pesa tu. Harusi ya hapa ina mama yako, ina shosho, ina binamu wa kukuvuta kando akuulize kama una uhakika. Ile ya siku 90 mara nyingi ni nyinyi wawili, jaji na shahidi wa kuazima.

Lakini kuoana hapa kuna makaratasi yake. Njoo-tukae haina cheti, na bila cheti hakuna faili. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinafaa kusajiliwa. Ya kiserikali inahitaji notisi ya siku 21. Kwa Nairobi ni Sheria House, Harambee Avenue. Kwa hivyo yule anayekuja likizo ya wiki mbili akidhani mtafunga ndoa Ijumaa arudi Jumapili, mwambie mapema, ama mjipange kuomba kibali maalum. Kama mlifanya ya kimila, ngurario ikaisha na mbuzi akaliwa, mna miezi mitatu ya kumjulisha msajili. Picha za ngurario ni tamu sana kwenye faili, ila haziwezi kuchukua nafasi ya cheti. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, cheti cha talaka au cha kifo kinahitajika pia. Halafu kuna cheti cha maadili mema cha DCI, kinachoombwa kupitia eCitizen kabla ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole.

Na harusi ya video, mmoja akiwa Kasarani na mwingine Dallas? Kwa uhamiaji wa Marekani haitambuliki hadi mkutane na kulala pamoja kama mume na mke baada ya harusi hiyo. Ndiyo, sheria inaingia hadi huko.

Tatizo ni kwamba mapenzi ya Nairobi hayaachi risiti. Kodi inatumwa na msee anayekuja nyumbani Desemba, keshi ndani ya bahasha. Simu inanyakuliwa Tom Mboya na chati za miaka miwili zinaenda nayo. Mkikosana mnafuta picha, mkirudiana mnaanza upya. Halafu siku moja mnaambiwa mthibitishe historia.

Mmoja wa marafiki zangu ni msusi Roysambu, mumewe anaendesha lori Texas. Huyu alikuwa na akili ya karani. Kila baada ya miezi mitatu alitoa taarifa ya M-Pesa na kuihifadhi. Aliweka tiketi za ndege za mumewe na kurasa za pasipoti zenye mihuri. Picha alichagua chache kwa kila ziara, na zenye watu wengine ndani: mama mkwe, majirani, hata yule jamaa aliyekuwa anachoma mbuzi. Selfi 400 za watu wawili kitandani hazimwambii afisa chochote. Kwa chati, alitoa kurasa kadhaa za kila msimu na hakuondoa zile walizogombana kuhusu karo ya shemeji. Kwangu hizo ndizo zilizokuwa na uzito. Nani atatunga ugomvi wa karo?

Kuna mambo yanayofanya maafisa wainue macho: mmepishana umri sana, mlioana wiki chache baada ya kukutana, hamna lugha moja ya kuongea, familia hazijui kuna ndoa. Hakuna hata moja ambalo peke yake linawanyima viza, lakini mtaulizwa. Mkiwa na mambo kama hayo, yaelezeni wenyewe kwenye faili mapema. Na msikariri majibu. Wanandoa wa kweli hawakumbuki kila kitu. Muulize babako siku ya harusi yake ilikuwa tarehe gani uone.

Kwa wale wanaowaza kumlipa mtu ili wafunge naye ndoa ya makaratasi: kifungo ni hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000. Mbaya zaidi kwa Mkenya, rekodi ya ndoa feki hufunga mlango wa maombi ya baadaye, hata ukija kuolewa kwa mapenzi ya kweli.

Baada ya I-130 kukubaliwa, faili huhamia Kituo cha Kitaifa cha Viza, NVC. Hapo unajaza DS-260, na yule wa Marekani anajaza I-864, fomu ya udhamini. Lazima kipato chake kifikie angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha huko. Kwa nyumba ya watu wawili, kiwango cha 2025 kilikuwa dola 26,437 kwa mwaka. Akipungukiwa, mtu mwingine anaweza kusimama naye kama mdhamini. I-864 si barua ya kusema "namjua huyu". Ni mkataba na serikali, na hata talaka haiuvunji. Unaisha ukiwa raia, ukihesabiwa kufanya kazi kama miaka 10, ukiondoka Marekani kabisa na kuacha ukaazi, ama mmoja wenu akifariki. Mpenzi wako akisitasita kuitia sahihi, usimwite mchoyo. Mwambie aisome vizuri kwanza.

Sasa turudi kwa zile nywila. Ombi ni la raia. Yeye ndiye anayelituma, na kabla hujapata ukaazi anaweza kuliondoa. Wengi hawana ubaya wowote, lakini nimeona jinsi hilo linavyoingia kwenye mazungumzo ya kila siku. "Ukiendelea hivyo nitasimamisha makaratasi." Inasemwa kama utani, halafu siku nyingine haisemwi kama utani. Mtu anaacha kazi Nairobi kwa sababu "unakuja tu mwezi ujao", mwezi unakuwa mwaka, na sasa anaomba hadi pesa ya bando. Rafiki yangu aliye katikati alikaa miezi minne bila kujua kwamba NVC ilikuwa imeomba hati moja aliyokuwa nayo mwenyewe, ndani ya droo, Embakasi.

Kwa hivyo dai nakala. Nambari ya kesi, risiti ya ombi, nakala ya kila fomu yenye jina lako, na njia ya kuingia kwenye akaunti ya NVC. Barua pepe iwe yako, si ya wakala wa mtaani. Kuna wakala aliyemtoza huyo huyo wa Embakasi Sh40,000 "kusukuma faili". Kumbe alikuwa anaangalia tu hali ya kesi mtandaoni, kitu ambacho mtu yeyote mwenye nambari anafanya bure. Na usiache kazi. Usiuze fanicha hadi pasipoti irudi mikononi mwako ikiwa na viza.

Hata baada ya kufika, mambo hayaishi. Kama ndoa haijafikisha miaka miwili siku unayoingia, unapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnatuma pamoja fomu I-751. "Pamoja" ndilo neno ambalo wanyanyasaji hulipenda. Lakini ndoa ikivunjika, au ukipigwa, unaweza kuomba kutuma peke yako. Na tangu 1994 kuna sheria, VAWA, inayomruhusu mke au mume anayedhulumiwa na raia au mwenye kadi kujiombea ukaazi mwenyewe kwa fomu I-360. Ombi hilo halilipiwi, huwekwa siri, na aliyekudhulumu hahusishwi. Wanaume pia wanaruhusiwa, maana najua kuna mtu ameshaanza kucheka.

Msusi wangu yuko Texas sasa, anasuka watu sebuleni na kulalamika kuhusu bei ya nywele. Kadi yake ni ya masharti. Tarehe ya I-751 ameiweka kwenye simu yake mwenyewe, na kila bili inayokuja na majina yao wawili anaipiga picha kabla mumewe hajaitupa.