Sauti Zetu za Mitandaoni Zataka Faharasa

MSAFIRI atokaye Mombasa kwa barabara, akisha kupita Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Sultan Hamud, hufika Kyumbi, pale njia inapogawanyika. Iendayo mbele yaelekea Nairobi, na ile ya mkono wa kulia yaelekea Machakos na Kitui. Kyumbi si mji mkubwa. Una maduka, vituo vya petroli, mikahawa na waendeshaji bodaboda. Lakini umuhimu wake hautokani na wingi wa mali iliyomo, bali unatokana na kuwa njia panda. Mtu hushuka hapo, huuliza, huonyeshwa gari lake, kisha huenda zake.

Jambo ninalotaka kulizungumza leo ni la sampuli hiyo hiyo, nalo ni haja ya kuwa na njia panda ya vipindi vya sauti vya Kiswahili vilivyotapakaa katika intaneti. Vipindi hivi vyaitwa podikasti. Tofauti yake na redio tuliyoizoea ni kwamba redio humngoja mtu saa maalumu, na asipokuwapo kipindi humpita. Ama podikasti hubaki mahali pake, na msikilizaji akaichukua kwa simu wakati aupendao, shambani, jikoni au garini.

Vijana wetu wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, Unguja na hata walioko ng'ambo wanatengeneza vipindi hivi. Wapo wanaosoma hadithi, wanaojadili siasa, wanaotoa mawaidha, na wanaowahoji wazee. Taabu ni kuvipata. Ukiuliza mashine za kutafutia hukuletea kwanza vya Kiingereza, na cha Kiswahili utakipata kwa kupewa na rafiki au kwa bahati. Wahenga wetu walikwisha kulisema hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

MLISHO NI KITU GANI?

Ili msomaji afahamu jinsi daftari hilo linavyoweza kutengenezwa, yafaa kwanza ajue kitu kiitwacho mlisho. Mlisho ni waraka mdogo wa maandishi unaokaa katika intaneti mahali pasipobadilika. Ndani yake mna jina la podikasti, maelezo yake, lugha yake na picha yake. Kisha hufuata orodha ya vipindi, na kila kipindi kina kichwa chake, tarehe yake, na anwani ya mahali faili la sauti lilipo. Mwenye podikasti akitoa kipindi kipya, mstari mpya huongezwa katika waraka ule. Programu ya msikilizaji huja kuuchungulia, ikaona jipya, ikalichukua.

Mtindo wa waraka huu waitwa RSS. Ulianzia katika kampuni ya Netscape huko Marekani mwezi Machi 1999, na wakati huo ulikuwa wa habari za kuandikwa tu. Mwishoni mwa mwaka 2000, Dave Winer aliuongezea kitu kidogo kilicholeta mageuzi makubwa: mahali pa kutaja faili la sauti, pamoja na ukubwa wake na aina yake. Jina lenyewe la podikasti lilikuja baadaye, mwezi Februari 2004, pale Ben Hammersley alipolitumia katika gazeti la Guardian la Uingereza. Mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple ikaingiza podikasti katika programu yake ya iTunes, ikiwa na orodha ya podikasti 3,000.

Uzuri wa mlisho ni kuwa hauna bwana mmoja. Yeyote aweza kuuandika, na yeyote aweza kuusoma, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu.

FAHARASA SI GHALA

Watu wengi wakisikia habari ya kukusanya podikasti hudhani kwamba lazima sauti zote zinakiliwe na kuwekwa pahala pamoja. Sivyo. Hebu tupige hesabu. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa kiasi cha kilobiti 64 kwa sekunde huchukua megabaiti 29 hivi. Tuchukulie tuna podikasti 500, na kila moja ina vipindi 100 vya saa moja moja. Hizo ni saa 50,000 za sauti, nazo zataka karibu terabaiti moja na nusu, yaani ghala kubwa na gharama ya kila mwezi. Lakini maelezo ya kila kipindi, yakichukua kilobaiti mbili, kwa vipindi vyote 50,000 hayazidi megabaiti 100. Hayo hata simu ya bei nafuu yaweza kuyabeba.

Kwa hiyo faharasa haichukui sauti. Huchukua anwani na maelezo, ikamwonyesha msikilizaji njia. Sauti hubaki kwa mwenyewe, na hesabu ya wasikilizaji hubaki kwa mwenyewe. Huku ni kumtendea haki msanii, na ni kujiepusha na wizi.

Neno lenyewe faharasa ni geni lililokwisha kuwa mwenyeji. Asili yake ni fihristi. Mwaka 377 wa Hijria, sawa na 987 Miladia, Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyekuwa muuza vitabu, alitunga kitabu alichokiita Al-Fihrist. Humo aliorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua, vya kila elimu, pamoja na habari za waliovitunga. Vingi katika vitabu hivyo havipo tena duniani. Lau si orodha ya muuza vitabu yule, tusingejua hata kwamba vilipata kuwako.

Nasi pwani tuna mfano wetu. Muyaka wa Mwinyi Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu, na vinywa hufa. Yaliyotufikia yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidiana na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, kuyakusanya na kuyaandika, hata yakaja kutolewa kitabu mwaka 1940 na Hichens. Mangapi yalipotea kabla ya hapo, Mungu ndiye ajuaye.

LUGHA ISIYOTAJWA

Nilipopita Kyumbi hivi majuzi nilikaa na kijana mmoja mtengenezaji simu, ambaye kwa mapenzi yake ameanza kuunda faharasa ya podikasti za Kiswahili na za Kikamba kwa kompyuta yake ya mkononi. Alinionyesha jedwali lake. Nilimwuliza kwa nini milisho mingi aliyoikusanya imeandikwa kuwa ni ya Kiingereza, na hali wazungumzaji wanasema Kiswahili kitupu.

"Mzee, hawakudanganya," akanijibu. "Mtu akifungua akaunti, fomu huwa imekwisha kujazwa Kiingereza. Yeye huharakia kutoa kipindi chake, na pale hapagusi."

Hapa ndipo penye kiini cha maradhi. Katika kila mlisho mna mahali pa kutaja lugha kwa alama fupi. Ya Kiswahili ni "sw", na ya Kikamba ni "kam". Mashine haisikilizi; husoma alama. Ikikuta alama ya Kiingereza, kipindi hicho hutiwa katika bahari ya Kiingereza, kikazama. Tena ile orodha ya awali ya lugha iliyowekwa na Netscape kwa ajili ya milisho ilikuwa na Kiafrikana, lakini Kiswahili hakikuwamo, ingawa sheria ziliruhusu alama nyingine za kimataifa zitumike. Leo hakuna kizuizi, ila mazoea.

Hivyo basi faharasa ya kweli haiwezi kutegemea mashine peke yake. Pana hifadhi kubwa iitwayo Podcast Index, iliyoanzishwa mwaka 2020 na Adam Curry pamoja na Dave Jones, ambayo iko wazi na yapakuliwa bure. Kutoka humo kijana wetu aweza kuchambua yote yenye alama ya Kiswahili kwa muda mfupi. Lakini yale yaliyotiwa alama isiyo yake yataka sikio la binadamu: mtu akae, asikilize dakika mbili tatu, aseme, "Hiki ni chetu."

MAKUNDI YA NANI?

Tulihitilafiana katika jambo moja. Yeye alitaka kufuata makundi ya Apple, ambayo makuu yake ni 19, ili kazi iwe nyepesi. Nikamwambia, mwanangu, makundi hayo yana nafasi ya visa vya jinai na ya vipindi vya televisheni, lakini ushairi hauna kundi lake. Utenzi utauweka wapi? Ngano za bibi utazitia wapi? Mawaidha na taarabu je?

Alifikiri, kisha akasema kwamba si lazima kuchagua moja na kuacha jingine. Mlisho utabaki na kundi alilolitaja mwenyewe, na faharasa itaongeza vibandiko vyake: ushairi, ngano, mawaidha, taarabu, mahojiano ya wazee, kilimo. Niliridhika. Aliniuliza ni nani atakayeamua kuwa hili ni shairi na hili si shairi. Nikacheka, nikamwambia kwamba ugomvi huo tumekuwa nao tangu miaka ya 1970, na kompyuta haitaumaliza.

MLINZI ASIYELALA

Faharasa ikisha kuundwa, hailali. Kila baada ya muda, tuseme saa moja, programu hubisha hodi kwa kila mlisho na kuuliza, "Kuna jipya tangu nilipokuja?" Kama hakuna, mtambo wa upande wa pili hujibu kwa namba 304, maana yake hakuna kilichobadilika, na mazungumzo hukoma bila ya kutumia data nyingi. Kama lipo, husomwa. Kila kipindi huwa na kitambulisho chake kisichofanana na kingine, ili kisiandikwe mara mbili.

Mlisho ukihama, mtambo hujibu kwa namba 301 na kutoa anwani mpya, na faharasa hufuata. Ukiondolewa kabisa, jibu ni 410. Hapa nilimsihi kijana yule asifute jina. Aandike tu kwamba podikasti hii ilikuwako, ilizungumza habari kadha, na ilinyamaza tarehe fulani. Ndivyo alivyotufaa Ibn al-Nadim.

Wala msomaji asidhani kunyamaza huko ni jambo la nadra. Google walikuwa na programu maarufu ya kusomea milisho, wakaifunga tarehe 1 Julai 2013. Wakawa na programu ya podikasti, nayo wakaifunga mwaka 2024. Mwenye mlisho wake hakudhurika sana, kwani wasikilizaji wake walihamia programu nyingine, na mlisho ukawa ule ule. Lakini aliyeweka kipindi chake katika jukwaa moja tu la wenyewe, bila mlisho, amejenga katika kiwanja cha kupanga, na siku akiambiwa ahame atahama mikono mitupu.

Chuoni, tulipokuwa tukisomeshwa hadithi za Mtume, tulifundishwa kuuliza: nani amekupa, naye kapewa na nani? Mlisho ni kama isnadi. Wamrudisha msikilizaji kwa msemaji mwenyewe, bila ya dalali kati.

LA KUFANYA

Karibu na Kyumbi, hapo Malili, umejengwa mradi wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua mwezi Januari 2013 katika ekari 5,000, kwa makusudi ya kuwa mji wa teknolojia. Ni jambo la fahari. Lakini kazi hii ninayoieleza haihitaji ekari. Yahitaji kompyuta moja, umeme usiokatika mno, subira, na watu wenye masikio ya lugha.

Wenye podikasti nawaomba mambo matatu. Kwanza, fungueni fomu zenu leo, mbadilishe alama ya lugha. Pili, jueni anwani ya mlisho wenu, na muihifadhi kama mnavyohifadhi hati ya shamba. Tatu, andikeni maelezo ya vipindi kwa Kiswahili, si kichwa cha Kiingereza juu ya maneno ya Kiswahili.

Vyuo vyetu vinavyofundisha Kiswahili navyo vina sehemu. Mwanafunzi mmoja akisikiliza podikasti kumi na kuzieleza kwa aya moja moja, darasa la watu 30 limekwisha kuandika maelezo 300. Orodha yote yaweza kutiwa katika faili moja la OPML, mtu akampa mwenzake, kama tulivyokuwa tukiazimana madaftari ya mashairi.

Kijana wa Kyumbi, siku ile nilipokuwa kwake, alikuwa amefikisha podikasti 63, na 9 katika hizo ni za Kikamba. Ni chache, lakini zimekwisha kuandikwa. Zilizobaki zingali zasema huko ziliko, na hazijaandikwa na mtu.