Pikipiki ya Mkononi na Dereva wa Siku Tatu

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata kantini akaniuliza, "Kaka, ile Boxer yako bado unauza?" Bumu lilikuwa limetoka, naye ana akiba kidogo ya likizo. Amechoka kutembea kutoka geto hadi chuoni, na jioni anataka apige bodaboda mbili tatu za kujikimu. Kuendesha hajui, atajifunzia humohumo. Nilimwomba anipe siku mbili. Makala hii ndiyo jibu langu, na nimeliweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Mwaka juzi nilirudi likizo nyumbani Shinyanga nikiwa na milioni moja na laki mbili. Nikapanda gari hadi Katoro, mkoani Geita, ambako niliambiwa pikipiki za mkononi ni nyingi na bei inazungumzika. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, ameiendesha ile Boxer miaka minne machimboni. Alinipakia nyuma tukazunguka mitaa, akakwepa mashimo, akafunga breki mbele ya ng'ombe. Pikipiki ilitulia kabisa. Injini ilikuwa safi, haitoi moshi. Nikalipa.

Siku ya tatu, kwenye changarawe nje kidogo ya Shinyanga mjini, mbuzi alikatiza. Nikabana breki ya mbele, usukani ukavuta kushoto, nikaenda chini. Mtulinga ulivunjika. Chuo kilifunguliwa nikiwa bado nimefungwa mkono, nikachelewa wiki tano.

Kilichonisumbua kuliko maumivu ni swali moja: yule kijana kaiendesha miaka minne, mimi imeniangusha siku ya tatu. Kwa nini? Jibu nilipewa na fundi mmoja mzee. Alikwangua rangi chini ya tangi, tukaona shingo ya chesisi ina mshono wa kuchomelea. Kisha akainua gurudumu la mbele na kuzungusha usukani taratibu. Ulipofika katikati ulikwama kidogo, kama unatumbukia kwenye kijishimo.

"Mwenzako alishaizoea, mwanangu," akasema. "Mkono wake ulikuwa unaisahihisha bila yeye kujua."

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunamtazama muuzaji akiendesha, tukiona inaenda tunasema chombo ni kizima. Kumbe tunachokiona ni uzoefu wake. Anajua breki ya nyuma inashika ikikanyagwa hadi chini, anajua usukani unavuta upande gani, na mwili wake unafidia. Anayejifunza hana hicho cha kufidia. Mbaya zaidi, hana cha kulinganisha, kwa hiyo ubovu wa pikipiki anauona kama ugeni wake mwenyewe. Mimi siku mbili za mwanzo nilihisi usukani mzito, nikajiambia nitazoea.

Si maneno ya fundi peke yake. Utafiti uliofanyika Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2000 ulipima ni uzoefu wa aina gani unaomkinga dereva wa pikipiki. Uliojitokeza wazi ulikuwa uzoefu wa pikipiki ileile: waliokuwa wameendesha hiyohiyo kilomita 10,000 au zaidi walikuwa na hatari ya kuumia kama nusu ya wale walioiendesha kidogo. Ukinunua ya mkononi, kilomita za mwenyewe hazihami na kadi. Unaanza sifuri.

Halafu kuna historia ya huku kwetu. Katika maeneo kama Nyarugusu na Rwamgasa, pikipiki hubeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha. Chombo kilichotengenezwa kwa watu wawili kinabebeshwa mifuko kadhaa kwenye njia ya mashimo, safari baada ya safari. Mzigo unakaa nyuma, mbele inakuwa nyepesi, na kila shimo linapiga viungo vya chesisi. Chuma kilichochoka hakipumziki kikapona. Ufa huanzia kwenye kiungo, unachomelewa, unapakwa rangi, na pikipiki inapelekwa sokoni.

Sasa, ukienda kununua, kagua hivi. Injini iache mwisho. Injini ikifa unasukuma hadi kwa fundi, lakini usukani au breki ikikukatalia hupewi nafasi ya kusukuma.

Kwanza, chesisi. Mulika tochi kwenye shingo, chini ya tangi na inakoshikia mikono ya gurudumu la nyuma. Rangi mpya mahali pamoja wakati kwingine imechujuka ni swali la kuuliza. Mshono wa kuchomelea shingoni si wa kujadili bei, ondoka.

Pili, usukani. Inua gurudumu la mbele, zungusha taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Ukikwama katikati, beringi zimekwisha. Kisha shika shokapu za mbele, vuta na kusukuma. Zisicheze.

Tatu, resi. Ivute na kuiachia usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Lazima irudi yenyewe fasta. Isiporudi, siku utakayopaniki pikipiki itaendelea kukimbia nawe juu yake.

Nne, breki. Boxer nyingi zina brekishuu mbele na nyuma. Angalia nati ya kukazia fimbo ya breki ya nyuma: ikiwa imekazwa hadi mwisho wa uzi, shuu zimeisha. Kumbuka ukiwa spidi 40 unakwenda mita 11 kila sekunde, na anayejifunza hutumia sekunde nzima au zaidi kabla mkono haujabana.

Tano, tairi. Usiangalie kipara tu. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kashata zikiwa nzima. Pembeni tafuta tarakimu nne, mara nyingi mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukiona nyufa ndogondogo, hesabu bei ya tairi mpya.

Kofia ngumu usinunue ya mkononi kabisa. Povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi, ila kwa nje kofia inaonekana nzima. Tathmini ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 ilikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mimi nilivaa mpya, ndiyo maana naandika.

Je, ya mkononi haifai kabisa? Inafaa, kwa masharti. Jifunze kwanza kwenye pikipiki nzima ya shule ya udereva, uchukue na lena, ili mkono wako ujue usukani mzima unavyokuwa. Nenda kukagua na fundi wako, si rafiki wa muuzaji. Bakiza fedha ya shuu, tairi na cheni kabla ya safari ya kwanza. Na abiria asubiri. Miezi ya mwanzo panda peke yako.

Dogo, nakujibu. Boxer yangu siuzi. Ningeipaka rangi ile shingo, ungeinunua, na kwa mikono yangu mimi ungeiona inakwenda vizuri kabisa. Injini nimemwuzia fundi laki mbili. Chesisi tumeikata kwa msumeno, vipande viwili, uani kwao. Milioni moja imepotea, na bado inaniuma. Njoo Jumamosi, twende wote kukagua nyingine.