Sydney Barnes, Bingwa wa Jimbo Dogo

Mashabiki wa kriketi hapa Pwani wakikaa barazani kuwahesabu mafundi wa kurusha mpira, huwataja Wapakistani na Wahindi, wala hawakosei. Lakini mimi namtanguliza Mwingereza mmoja wa zamani, Sydney Barnes, aliyezaliwa mwaka 1873. Ajabu yake ni kwamba sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo aliimaliza katika vilabu vya Jumamosi na katika timu ya Staffordshire, ambayo ilikuwa miongoni mwa yale yaliyokuwa yakiitwa majimbo madogo. Udogo huo si wa ardhi, ndugu msomaji. Maana yake ni kwamba timu hizo ziko nje ya mashindano ya daraja la kwanza.

Mwaka 1901 alikuwa akilipwa na klabu ya Burnley. Nahodha wa Uingereza, Archie MacLaren, akamchukua hadi Australia, na wengi wakashangaa, maana jina lake halikujulikana. Baadaye aliichezea Lancashire misimu ya 1902 na 1903, kisha hawakuelewana juu ya mapatano, akajiondokea. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ligi ilimlipa vizuri kwa kazi ya siku moja kwa wiki, na siku zilizobaki alikuwa karani. Kwa nini ajichoshe siku sita kwa ujira usiotosha?

Tukumbuke zama zile. Kriketi ya Uingereza iliwatenga mabwana, waliocheza kwa starehe, na wachezaji wa ujira. Hata lango la kuingilia uwanjani mara nyingi halikuwa moja. Utengano huo haukufutwa mpaka mwaka 1962. Barnes hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa, na kwa hivyo aliitwa mkaidi. Mimi naona alijua thamani ya jasho lake.

Na jasho lenyewe! Mpira wake ulikwenda kasi ya wastani, lakini aliusokota kwa vidole ukageuka kulia au kushoto, asimpe mpigaji nafasi ya kupumua. Melbourne, mwishoni mwa 1911, aliangusha Waaustralia wanne katika ova tano kwa kutoa mbio moja tu. Afrika Kusini, msimu wa 1913-14, alitwaa wiketi 49 katika mechi nne za Test, 17 kati yake katika mechi moja ya Johannesburg. Mechi ya tano alikataa kuicheza, baada ya kuzozana juu ya haki aliyoona ni yake. Hata hivyo, rekodi ya wiketi 49 katika mfululizo mmoja haijavunjwa. Kwa jumla alipata wiketi 189 katika mechi 27 za Test.

Kwa Staffordshire alichukua wiketi 1,441, kila moja kwa wastani wa mbio 8 na ushei, akicheza hadi mwaka 1935, umri umepita sitini. Mwaka 1928, akiwa na miaka 55, aliichezea Wales dhidi ya West Indies akaangusha 12.

Tena alikuwa na mwandiko mzuri, jambo ambalo watu wa Pwani, wapenzi wa hati, tutalithamini. Uzeeni aliajiriwa na halmashauri ya Staffordshire kuandika nyaraka kwa mkono. Mwaka 1957 Malkia alipoizuru Stafford, waraka wa kumkabidhi uliandikwa na Barnes, mzee wa miaka 84. Alifariki tarehe 26 Desemba, 1967.